Remoroki moja, injini tatu: Hilux ya esansi, Hilux ya mazutu na Land Cruiser ya zamani kwenye barabara ya Likasi

"Inavuta?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa na karibu kila mtu anayenikuta nimesimama kwenye kituo cha kulipia barabara nje ya Lubumbashi, jenereta ikiwa nyuma yangu juu ya magurudumu manne. Hawaulizi bei ya gari, wala mwaka wake, wala limekwisha kwenda kilomita ngapi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu, "Inavuta," kisha naondoka, kwa kuwa pikapu zangu zote tatu zinavuta kweli. Hata hivyo jibu hilo halimsaidii mtu anayetaka kutoa maelfu ya dola kununua gari la kazi, kwa maana injini tatu zinaweza kuufikisha mzigo uleule Likasi, moja ikafika imechoka, nyingine ikafika imekunywa mafuta ya safari mbili, na nyingine ikafika kana kwamba haikubeba kitu.

Kazi yangu ni kukodisha jenereta kwa ajili ya arusi, misiba, maeneo ya ujenzi na karakana ambazo haziwezi kukaa zikingoja umeme urudi. Remoroki yangu kubwa, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wangeiita tela, ina ekseli mbili na breki zake yenyewe, na siku nilipoipitisha kwenye mizani ya malori ikiwa na jenereta, tangi lililojaa na nyaya zake zote, mizani ilisoma kilo 2,080. Huo ndio mzigo uliokuwa nyuma katika kila safari ninayoieleza hapa. Sikuuongeza wala kuupunguza, ili sifa au lawama ziiendee injini.

Gari la kwanza ni Hilux ya milango minne yenye injini ya esansi, yaani petroli, ya lita 2.7, niliyoinunua ikiwa mtumba. Muuzaji aliniambia maneno ambayo nimeyasikia tena katika yadi nyingine: Hilux ni Hilux, chasi ni moja, kwa hiyo kama ya mazutu inavuta, na hii itavuta. La pili ni Hilux ya milango minne ya mazutu, yaani dizeli, lita 2.8 yenye turbo na giaboksi inayojibadilisha yenyewe, ya toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2020. La tatu ni Land Cruiser ya safu ya 79, kabini moja, yenye injini ya mazutu ya lita 4.2 isiyo na turbo, ile ya silinda sita ambayo makanika wa hapa huitaja kwa jina lake la kiwandani, 1HZ, kama mtu anayemtaja mjomba wake.

Mtu akisoma karatasi za mauzo na kutazama kilowati peke yake, ataipanga Land Cruiser mkiani. Injini ya esansi ina kilowati 122 hivi, ya lita 2.8 ina 150, na 1HZ ina 96 tu. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, na lilinigharimu. Kilowati zinazoandikwa pale ni zile za juu kabisa, ambazo injini ya esansi huzifikia ikiwa inazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, kasi ambayo hakuna mwenye gari anayependa kuisikia kwa nusu saa mfululizo. Kinachoutoa mzigo mahali ulipo na kuupandisha mlima bila makelele ni torki, ambayo makanika wetu huiita kuple: nguvu ambayo injini huizungushia shafti yake, hasa ile inayopatikana ikiwa bado inazunguka polepole. Hapo orodha inabadilika kabisa. Ya esansi hutoa nyutoni-mita 245, tena kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. 1HZ hutoa 285 kwenye mizunguko 2,200. Ya lita 2.8 yenye giaboksi ya kujibadilisha hutoa 500, nayo huanza kuzitoa kwenye mizunguko 1,600 na kuzishikilia hadi 2,800.

Tarakimu hizi hazina maana hadi ziwekwe barabarani. Chukua gari na remoroki na watu wawili, jumla kilo 4,200 hivi, kwenye mwinuko unaopanda mita sita kwa kila mita mia, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Nikijumlisha uzito unaorudisha nyuma, msuguano wa matairi na upepo, napata kwamba injini inapaswa kutoa kilowati 60 hivi. Hakuna kati ya hizi tatu isiyoweza kufika hapo. Ila ya lita 2.8 huzipata kilowati hizo ikiwa kwenye mizunguko 1,600, tena kwa robo tatu tu ya torki yake, huku ya esansi ikilazimika kukaribia mizunguko 3,000 na dereva akiwa amekanyaga mguu hadi sakafuni. Barabara ikiinuka kidogo zaidi, au lori lililo mbele likipunguza mwendo, ya kwanza huongeza pumzi kidogo na kuendelea, na ya pili hushuka gia, hulia, hupoteza mwendo, kisha hushuka gia nyingine.

Uwanda wa Katanga hudanganya. Kutoka mjini kwenda Kasumbalesa, kilomita 90 hivi, barabara haina milima ya kutisha, na mtu anaweza kuvuta kwa esansi mwaka mzima akiamini kwamba amenunua vizuri. Ni kwenye safari ya Likasi, kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi, nchi inapoanza kujikunja na vilima kuuzunguka mji, ndipo injini husema ukweli wake. Safari yetu ya kwanza kwa Hilux ya esansi ilikuwa mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali kabla ya mvua kuanza, na kwenye mwinuko mmoja shoferi wangu, mzee aliyeendesha malori ya migodi kabla mimi sijapata leseni, alizima kiyoyozi bila kuniuliza, akafungua dirisha, akaniambia: "Patron, huyu hakatai. Analia tu." Tulipanda kwa gia ya pili, kilomita 35 kwa saa, nyuma yetu msururu wa malori, na sindano ya joto ikawa imeinuka kuliko nilivyopata kuiona.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa hapa hawalitaji. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi imezidi mita 1,400. Hewa ya kwetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huvuta hewa kama inavyoikuta; kwa kuwa hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, nguvu nayo hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Tarakimu za kiwandani hupimwa kwa hali ya hewa ya karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo zile nyutoni-mita 245 za esansi huenda zikafika kwetu zikiwa 215, na 285 za 1HZ zikawa 250. Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda na kuufidia upungufu huo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo pengo kati ya injini yenye turbo na isiyo nayo ni pana zaidi Lubumbashi kuliko lilivyo Dar es Salaam au Durban, mahali ambapo magari mengi tunayoyanunua hushushwa melini. Mtu aliyeijaribu esansi pwani akaisifia hakusema uongo, aliijaribu pwani.

Land Cruiser ya 1HZ ina tabia ya punda wa mwanakijiji. Haina haraka. Kwenye mwinuko uleule hupanda kwa gia ya tatu, kilomita 45 kwa saa, bila kulalamika na bila kuongeza mwendo hata ukiiomba. Moshi mweusi hutoka kidogo, hasa kwa sababu ya wepesi wa hewa niliousema, kwani pampu hutoa mazutu ya kawaida huku hewa ya kuyachoma ikiwa pungufu. Lakini joto halipandi, klachi haitoi harufu, na chasi yake ni nzito kiasi kwamba remoroki haiyumbishi mkia wake hata lori likitupita kwa kasi. Injini hii imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1990, na pampu yake ya kugawa mazutu ni ya kimekanika, haitegemei kompyuta. Sioni aibu kusema kwamba ni gari la polepole kuliko yote niliyowahi kuyapenda.

Hilux ya lita 2.8 ndiyo iliyonifanya nielewe kwamba safari ya Likasi si ya siku nzima. Kwenye mwinuko ule ilipanda kwa kilomita 65, na ingeweza zaidi kama si malori ya asidi yaliyokuwa mbele. Ushauri mmoja tu kwa mwenye giaboksi ya kujibadilisha: usiiache ichague gia yenyewe milimani. Ikiachwa, hupanda gia ya tano, huona mzigo, hushuka ya nne, hupanda tena, na kila kubadilisha huko huyapasha joto mafuta ya giaboksi. Shoferi wangu husogeza kibao upande wa kuchagua kwa mkono, huifungia gia ya nne au ya tatu kabla ya mlima kuanza, na hapo mambo hutulia.

Kuhusu giaboksi, kuna habari kutoka Australia ambayo huwapa kazi watu wanaodhani torki ndiyo mwisho wa maneno. Hilux ya lita 2.8 ilipoingia huko mwaka 2015, ile yenye giaboksi ya kujibadilisha ilikuwa na nyutoni-mita 450 na ruhusa ya kuvuta kilo 3,200. Ile ya gia za mkono ilikuwa na 420 tu, lakini iliruhusiwa kuvuta 3,500. Injini moja, na iliyo dhaifu kidogo ikapewa mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu kikomo kilitokana na uwezo wa giaboksi kustahimili. Ni baada ya marekebisho ya 2020 ndipo zote mbili, zikiwa na mwendo wa magurudumu manne, zilipolingana kwa 3,500. Land Cruiser 79 nayo iliruhusiwa huko kilo 3,500 ikiwa na injini ya silinda nane ya lita 4.5 yenye nyutoni-mita 430, na ikabaki na ruhusa ileile ilipowekewa hii ya lita 2.8 yenye 500. Mimi nimeelewa hivi: kiasi unachoruhusiwa kuvuta ni neno la chasi, breki, giaboksi na rejeta, injini husema utavuta kwa mwendo gani na kwa raha gani.

Vijana wanaoniuliza kuhusu pikapu kubwa za Kimarekani, zile ambazo mara mojamoja huonekana mtaa wa Golf, kwa kawaida huuliza idadi ya silinda. Ford F-150 ya mwaka 2021 ingewajibu vizuri: ya silinda nane, lita 5.0, isiyo na turbo, ilikuwa na kikomo cha juu cha tani 5.9 hivi, na ya silinda sita, lita 3.5, yenye turbo mbili, ilifika tani 6.35. Silinda mbili pungufu, mzigo zaidi.

Sasa nirudi kwenye jambo linalonisumbua kuliko injini zote. Remoroki nyingi zinazopita hapa mjini ni za kuchomelewa, ekseli ikiwa imetolewa kwenye gari bovu, na hazina breki. Hilux, hata iwe na injini gani, hairuhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 ikiwa remoroki haina breki zake. Zile tani tatu na nusu ambazo watu huzitaja wakinywa bia ni za remoroki yenye breki. Injini yenye nguvu huzidisha hatari hii, kwa kuwa haimkumbushi dereva kwamba nyuma kuna mzigo. Hilux ya esansi ilikuwa ikituonya kwa kelele kuanzia mita ya kwanza. Ya lita 2.8 hufika kilomita 90 kwa saa kimya, na ni wakati wa kusimama ndipo tani mbili hujitambulisha. Remoroki yangu ina breki za msukumo, ambazo hujibana zenyewe remoroki inapolisukuma gari, na kila miezi mitatu nazirekebisha. Vilevile hakikisha kwamba mzigo umekaa mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba kama sehemu moja ya kumi ya uzito inakaa juu ya kiungo cha gari. Jenereta yangu ilikuwa imefungwa nyuma mno mwanzoni, na mkia ulianza kucheza kwenye kilomita 70.

Kwenye mteremko, nikiri, esansi ilijilipia kisasi kidogo. Ukiondoa mguu kwenye injini ya esansi, mlango wa hewa hufungwa, injini hunyonya mahali pasipo na hewa, na gari hushikwa. Ya mazutu haina mlango wa namna hiyo unaofanya kazi ileile, na ile ya lita 2.8, kwa udogo wake, haishiki vizuri. Inakubidi ushushe gia mapema na usiitegemee kama unavyotegemea lori.

Kwa mafuta, daftari langu linasema hivi, remoroki ikiwa nyuma, kwa kila kilomita 100: esansi lita 23, 1HZ lita 17, ya lita 2.8 lita 14. Safari moja ya kwenda na kurudi Likasi ni kilomita 240. Kila mtu afanye hesabu yake kwa bei ya siku, nami nilipoifanya kwa miezi sita niligundua kwamba unafuu wa bei niliyonunulia ile ya esansi ulikuwa umekwisha kumiminwa tangini.

Kabla mtu hajakimbilia ya lita 2.8, ajue inachodai. Sindano zake za mafuta hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi bar 2,000, na matundu yake ni membamba kiasi kwamba maji kidogo au uchafu usioonekana kwa jicho hutosha kuziharibu. Mazutu yanayouzwa kwa madumu kando ya njia, ambayo 1HZ huyanywa na kuendelea na safari, ni sumu kwake. Sindano moja nilikwisha kuibadilisha, na bei yake sitaiandika hapa, mke wangu husoma. Tangu hapo nimeongeza kichujio cha pili chenye bakuli la kutenga maji, na najaza tangi mjini tu. Anayeagiza gari lililotumika Ulaya aulize pia kuhusu kichujio cha masizi kilicho kwenye bomba la moshi: hicho huhitaji mazutu yenye salfa kidogo sana, na mjini kwetu huziba mapema.

Niliazima pia, kwa siku mbili, Hilux ya rafiki yangu yenye mazutu ya lita 2.4, gia za mkono. Ina kilowati 110 na nyutoni-mita 400. Ilivuta jenereta ile hadi Likasi kwa kilomita 55 kwenye mwinuko wangu wa majaribio, gia ya tatu, bila kulia. Kwa mtu ambaye remoroki yake haizidi tani mbili na haendi Kolwezi kila wiki, naona hiyo ndiyo ya kununua, na tofauti ya bei aiweke kwenye breki za remoroki. Ya lita 2.8 ni ya anayevuta karibu kila siku. Ya 1HZ ni ya anayekwenda mahali ambapo hakuna makanika mwenye kompyuta. Ya esansi sitaipendekeza kwa kuvuta kitu kizito kuliko tangi la maji, hata mtu akipewa kwa bei ya kutupa.

Sijaiuza, hata hivyo. Imerudi kwenye kazi za mjini, ikibeba viti na mahema hadi Ruashi na Kampemba, na huko sina neno nayo. Land Cruiser nimeiachia njia za vumbi. Remoroki kubwa hufungwa nyuma ya ile ya lita 2.8, na kila alfajiri kabla ya safari mzee hupiga magoti kando ya gari, akafungua bakuli la kichujio na kumimina kidogo kwenye chupa ya plastiki ili aone kama kuna maji chini. Wiki iliyopita yalikuwamo, kiasi cha kijiko.